Koo Ndani ya Kinanda

Haya, sogeeni karibu, nina fumbo langu mnifumbulie. Nyumba yangu ina mlango mmoja tu. Nikiufunga, aliyemo ndani husikika akiguna. Nikiufungua taratibu, husikika akiita. Lakini chungulia utakavyo, hukuti mtu. Ni nini hiyo?

Mnanitazama tu. Mji wenu sitaki bado, kaeni nao. Jibu mtalipata njiani.

Na msishangae sauti hii, si yangu. Ni ya kifungo hiki mnachokiona kwenye ukosi wa gauni. Waliponifanyia operesheni ya uvimbe wakalitoa koo langu la sauti, hospitali walinibandika hiki. Kinasoma taya na ulimi unavyokwenda, halafu kinasema badala yangu. Ila sauti waliyokitilia ni ileile inayotangaza vituo kwenye treni ya Korogwe, kwa hiyo nikiomba chai watu huangalia dirishani kama wamefika Muheza. Na tukikutana kliniki wagonjwa wa koo tukaanza kusalimiana, ungedhani mwanamke mmoja anaongea peke yake. Watoto wa majirani wanamwita Bi Treni. Mzoeeni, ndiye atakayewasimulia.

*

Ilikuwa alasiri ya harusi, Ngamiani, ukumbi wa wanawake peke yao. Mlangoni tulivua viatu, tukavua na punje za masikioni, zile zinazokuchagulia wimbo kabla hujajua unautaka, tukaziweka kwenye sinia. Watu wamezichoka. Siku hizi harusi isiyo na kinanda cha nyaya, kinachopigwa na mtu kwa vidole vyake, itasemwa mwaka mzima. Na kinanda kilichokuwa midomoni mwa Tanga nzima ni cha mjukuu wangu Asumini, fundi na mpigaji wa kikundi cha Marashi. Alikiunda mwenyewe, mbao kwa mbao, waya kwa waya.

Mimi niliyemlea nilikuwa sijakisikia. Kila nikimwambia akilete nyumbani, ana sababu. Kizito, Bibi. Rangi haijakauka, Bibi. Kwa hiyo siku hiyo nilijiendea bila kumwambia, nikakaa mstari wa mbele na kanga yangu mpya.

Aliponiona alisita, vidole vikabaki hewani. Nikadhani ni haya.

Akabonyeza sauti moja, nzito, ya chini kabisa, akaishikilia. Mkono wa pili ukaenda kwenye kitufe cha kuzungusha, akaanza kukifungua. Sauti ilianza kama mtu anayeguna amefumba mdomo. Ikawa kama ya mtu aliye chumba cha pili, kisha mtu wa sebuleni, ikaja, ikaja, uuu, ooo, mpaka ikafunguka aaa! mbele ya uso wangu. Wanawake waliinuka kama waliomwagiwa maji ya moto. Kanga zikarushwa, vigelegele vikapasua paa, mama wa bibi harusi akalia machozi hadharani.

Mimi nilibaki nimekaa. Mtu huijua sauti yake kama anavyoijua harufu ya mto wake wa kulalia, na ile ilikuwa yangu. Ileile, kwa ukoo wake na ubini wake. Hata kile kikwaruzo cha mwisho kilikuwemo, ambacho marehemu mume wangu alikiita mlango wa stoo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kimya, sina koo, na huku naita pale mbele!

Taya langu lilianguka. Kifungo kikadhani nasema kitu. "Samahani," Bi Treni akatangaza ukumbi mzima ukasikia, "tafadhali rudia." Majirani zangu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Sikuweza kucheka nao. Nilikuwa naangalia mikono ya Asumini. Sauti ilikuwa imeanza kupanda na kushuka, kufunguka na kujifunga, na yeye hakuwa anakizungusha kitufe. Alikuwa amekikandamiza kwa kiganja chote, kama mtu anayezuia mfuniko wa chungu kinachotaka kufurika.

*

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni mwa karakana yake kabla hajamaliza chai. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya godoro. Joto lilikuwa la kuivisha mkate.

"Shikamoo, Bibi."

"Fungua."

"Nifungue nini tena?"

"Asumini, usinizungushe. Fungua hicho kifuniko."

Hasira zangu zote zilitoka kwa adabu, kama tangazo la kituo. Lakini aliziona machoni. Akachukua bisibisi, akafungua.

Katikati ya nyaya palikuwa na kichupa cha kioo chenye majimaji. Ndani yake kilining'inia kitu kidogo chenye rangi ya ufizi wa mtoto asiye na meno. Vipande viwili vyembamba, vimetazamana. Vilikuwa vinatetemeka. Nikatafuta stuli nikaikosa, nikakaa juu ya ndoo.

"Nilikupa ukazike," nikamwambia.

Kwetu kinachokatwa mwilini hakitupwi. Kitovu cha Asumini kipo chini ya mlangilangi uani kwangu, na cha mama yake, na changu. Hospitali waliponikabidhi changu kile ndani ya chupa, mimi sijaweza kuinuka kitandani, nilimpa yeye ndugu yangu pekee akazike palepale. Alirudi na udongo kwenye kucha. Nikaziamini kucha.

"Nilizika, Bibi. Wallahi nilizika." Alikuwa anaisokota ncha ya kanga yake. "Sikuzika chote."

"Kwa nini?"

"Nilishachimba. Nikaishika ile chupa nikaona, hiki ndicho kilichoniita tangu nina akili. Mama simkumbuki, namkumbuka huyu anayeita. Nikafukia nusu. Hii nusu mkono ulikataa." Akafuta pua. "Na tena, sitakudanganya, kinanda kilikuwa na kiu."

Alinieleza kiu yenyewe, nami nitawaeleza kama nilivyoelewa, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Sauti inapozaliwa kwenye nyaya ni kama nazi iliyokunwa, imo yote, tui na machicha pamoja. Sasa humo ndani kuna chujio, nalo ni kifumbu. Ukilibana, linapitisha yaliyo mazito tu. Ukilifungua pole pole, makali nayo yanaingia, moja baada ya jingine. Hapo kwenye kufungua ndipo palipo na utamu wote, na hapo ndipo kila fundi anapohangaika. Asumini alijaribu kuusukuma umeme kwa nguvu kabla haujafika kwenye chujio, kama unavyokamua nazi kwa viganja viwili. Akaweka machujio mawili, moja likifunguka jingine linajifunga. Akaichukua sauti iliyokwisha toka, na kelele za chumbani zikiwemo, akairudisha mwanzo ipite tena, kama tui la pili juu ya machicha yaleyale.

"Ikawa tamu," alisema, "lakini bado unasikia mashine inafungua mlango. Mdomo haufunguki hivyo, Bibi. Mdomo una ulimi, una mashavu, una koo, na kila kimoja kina mwendo wake."

Naam, jibu la fumbo ni mdomo. Nimewaona mliokuwa mmeshalijua mnatabasamu. Tabasamuni, lakini sikilizeni, maana mjukuu wangu alijenga mdomo usio na mtu ndani. Au alidhani hauna.

Aliupitisha umeme juu ya ule mnofu. Mnofu ukawa unajikaza na kulegea, na chujio likawa linaufuata. Aliulisha sukari na maji ya dawa, ukaishi.

"Na jana?" nikauliza. "Jana hukukizungusha kitufe. Nilikuona."

Alibonyeza ile sauti nzito ya chini, akaifunga kwa kipande cha mbao ibaki imeshikwa, halafu akaweka mikono yake yote miwili mapajani nione.

Mwanzo ilikuwa ni mguno tu. Halafu koo likajikaza lenyewe.

*A… u… iii… iii…*

Likapumzika kidogo.

*U… o… a… iii?*

Mwisho ilipanda juu, kama anayeuliza. Likanyamaza. Likasubiri. Kisha likaanza tena, zito kuliko mwanzo.

Jamani. Hamna midomo mle, hamna meno, kwa hiyo maneno yametoka bila mifupa. Lakini mwenye maneno ni mimi, ningeyakosaje? Kila magharibi, miaka yote ya utoto wake, nilisimama kwenye mlango wa uani nikaita mtaa mzima usikie: Asuminiii! Uko wapiii? Ndiyo sauti niliyoitumia kuliko zote maishani mwangu. Kuliko ya kuimba, kuliko ya kugomba. Koo limekatwa, limetiwa kwenye chupa, limesahau kila kitu, na hilo limelishika.

"Tangu lini linakuita?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na hukuitika?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Bibi! Nani alinifunza?"

Ni mimi niliyemfunza. Ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, ziba mdomo. Kuna vitu vinaiga sauti za watu. Usiitike mpaka umwone usoni. Siku moja alimwitikia kasuku wa jirani, nikamfinya sikio mpaka likawa kama pilipili. Hapo kwenye ndoo ndipo nilipoyaona niliyoyafanya. Mtoto alikuwa amekaa miezi na miezi anaitwa na bibi yake, naye amezuia mdomo kwa sababu ya adabu aliyofunzwa na huyo huyo bibi.

"Na hayo magodoro madirishani?"

"Kuna siku binti mmoja alipita hapa nje, mama yake akamwita, naye akapaza sauti, 'Abee, mama!' Sauti ikaingia, ikapita kwenye nyaya pamoja na kelele nyingine. Bibi, koo lililegea. Lilishusha pumzi, nilisikia. Siku nzima halikuita, na kinanda kikawa chepesi kama tui la tatu, hakina ladha. Kesho yake likaanza upya. Nadhani lilijua si mimi."

"Kwa hiyo utamu wote ule wa jana…"

"Ni kujikaza kwake," sauti ya kiume ikasema mlangoni. "Shikamoo, Bi Kidawa."

*

Alikuwa Bwana Mbaruku, mkubwa wa Marashi, kofia ya kiua imekaa sawasawa na manukato yake yametangulia kuingia. Si mtu mbaya. Ndiye aliyeniletea supu yangu ya kwanza hospitali, na alikuja kila wiki.

"Marahaba. Kumbe ulijua?"

"Nilijua. Ni mimi niliyeleta magodoro." Akavua kofia. "Bi Kidawa, nitasema kweli. Linapoita lisiitikwe, kesho yake linajikaza zaidi. Ndiyo maana sauti inanona kila wiki. Vinanda vya mji mzima vimejaribu kutuiga, wameongeza machujio mpaka vinanda vyao vinanguruma kama mashine ya kusaga, hawatufikii. Na Jumamosi tunapiga mbele ya pwani nzima."

"Linaumia?"

"Nini?"

"Nimekuuliza, Mbaruku. Linaumia?"

"Mnofu hauna akili. Hata mkia wa mjusi ukikatika unarukaruka."

"Mkia wa mjusi haumwiti mtu kwa jina lake."

Kinanda kikaita tena katikati yetu, *u, o, a, iii?*, na mtu mzima yule akaangalia sakafu.

"Sijui kama linaumia," akasema mwishowe. "Lakini na wewe hujui."

Na kweli sikujua. Sijui mpaka leo. Hapo ndipo penye mwiba wenyewe. Lingekuwa linalia kwa maumivu tungelizima, tumalize. Lingekuwa nyama tupu tungelipiga, tufurahi. Lakini lilikuwa pale katikati, linauliza.

"Asumini," nikamgeukia, "kwa nini hasa? Wacha adabu, wacha kasuku. Ulishanusa kwamba ni mimi, si jini."

"Nikiitika litanyamaza, Bibi. Likijua ni mimi, litanyamaza moja kwa moja. Mnofu usipojikaza unasinyaa, nimeona kwenye vipande vingine vya nusu hii. Halafu nitakuwa sina. Nakupenda, lakini hicho kifungo, ukiniita 'mwanangu' nasikia treni inaingia kituoni."

Msidhani bibi yenu ni malaika. Nilitamani. Nilitamani nikae palepale juu ya ndoo nijisikilize mpaka nife. Niliinama mpaka uso ukagusa mbao, nikaliambia, "Nyamaza. Tulia. Niko hapa mimi." Bi Treni akalisema hilo vizuri, kila silabi mahali pake. Koo likaita kwa nguvu zaidi. Halikunijua! Koo langu mwenyewe, lililokaa shingoni mwangu tangu nazaliwa, liliisikia sauti yangu likaona ni mpita njia.

Sikuwahi kushtuka vile, hata siku daktari aliponipa majibu.

"Jumamosi ipite tu," Bwana Mbaruku akasihi. "Siombi zaidi. Jumamosi ipite, halafu mwitikieni, mzikeni, mfanye mnavyotaka."

Kikwaruzo kikasikika, kile cha mlango wa stoo, mwishoni mwa *iii*. Nikakumbuka nilikokitoa.

Asumini alikuwa mdogo, hajaanza hata chuo cha Kurani. Magharibi moja nikaita, hakuitika. Nikaita tena. Nikazunguka visima, nikazunguka mitaro, nikaita mpaka sauti ikapasuka kooni kama kitambaa. Tulimkuta nyuma ya magunia ya mbata ya jirani, amelala fofofo, mate yanamtoka. Sauti yangu haikurudi kuwa nzima tena. Wenzangu waliokuwa wanarusha kanga ukumbini, walikuwa wanairushia magharibi ile.

Sijui kama mnofu unaumia. Lakini ule mwito naujua. Nimekuwa ndani yake. Hauna haja ya kungoja Jumamosi.

Lakini sikutaka kumwamuru. Angetii, na kutii si kuitika. Nikakibandua kifungo ukosini, nikakiweka juu ya meza ya nyundo. Bi Treni akalia kidogo, akazimika. Nikanyamaza kama nilivyo kweli.

Nikazunguka nikasimama nyuma ya kinanda, pale ambapo mwanga wa mlango ulinipiga usoni. Nikamwonyesha Asumini macho yangu kwa vidole viwili, maana yake nitazame.

Bwana Mbaruku alifahamu kabla yake. Akabaki kuikunja kofia yake.

Koo likashusha pumzi, likaanza. Nami nikafungua mdomo wangu pamoja nalo. *A*, nikaupanua. *U*, nikaufunga duara. *Iii*, nikanyoosha mashavu. Sikuwa na pumzi ya kutoa, mdomo tu, na koo likawa linaujaza. Kwa mara ya kwanza tangu operesheni tulikutana, yeye na mimi, katika jina moja. Machozi yaliniingia mdomoni, sikuyafuta.

Asumini aliangalia kichupa. Aliangalia kitufe, mkono ukanyanyuka kukiendea, ukarudi. Akaniangalia mimi, mdomo wangu, macho yangu, mdomo wangu tena, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. Akaenda dirishani akakivuta kipande cha godoro kikaanguka. Mwanga ukaingia, na kelele za barabara, na harufu ya maandazi ya mtu. Akarudi akasimama mbele yangu, karibu, mikono kifuani kama alivyokuwa akisimama alipokuwa na magoti yenye vumbi.

*U… o…* tukamwuliza, koo na mimi. *A… iii?*

"Abee, Bibi," akasema Asumini. "Niko hapa."